Kisiwa cha Kimulot

Mama yangu alifariki bila kuelewa kazi yangu ilikuwa gani. Aliwaambia majirani wetu pale Roret kwamba mwanawe alienda chuo kikuu, akasomea kilimo miaka yote ile, kisha akaajiriwa kutembea kwenye chai ya watu wengine akishikashika majani yao. "Na wanamlipa," aliongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayehofia kwamba siku moja wenye kulipa watagundua.

Sina la kumkosoa. Nilikuwa afisa wa ugani wa kiwanda cha wakulima wadogo, na kazi hiyo ukiivua maneno ya semina ndiyo hiyo hiyo: kutembea na kushika majani. Baadaye, kwa kuwa nilizungumza Kiingereza bila kutetemeka, nikaongezewa kazi ya kuwatembeza wageni na kuwatafsiria. Nimestaafu mapema kidogo kuliko ilivyopangwa. Magoti yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata.

Sasa nimeombwa niwaandikie nyinyi mnaoanza, mnaotumwa Sigowet, Roret na Kimulot mkiwa na buti mpya na simu zinazojua mvua itanyesha saa ngapi. Niliambiwa niandike maneno machache. Waliosema machache hawanijui.

Niwape kwanza yale ya mikono, maana hayo hayabishaniwi. Ukifika senta ya majani, lile banda la mabati ambapo wakulima huleta chai ipimwe, usianze na hotuba. Ingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Majani yaliyochunwa vizuri na kubebwa bila kushindiliwa ni baridi mpaka katikati. Yakiwa na joto kama la kitanda ambacho mtu ametoka kulala sasa hivi, yameanza kuharibika, hata kama juu yanang'aa kama ya picha. Aliyenifundisha hilo ni marehemu mzee Arap Koros, mkubwa wangu wa kwanza kazini. Mimi nilikuja na daftari la kunakili mambo. Yeye alinikunja mkono wa shati bila kusema kitu, akausukuma mkono wangu ndani ya gunia kama daktari wa mifugo anayezalisha ng'ombe, kisha akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikasema nasikia majani. Akasema, "Rudi kesho."

La pili: angalia vidole vya mchunaji kabla ya kuangalia kikapu. Anayevunja jani kwa kucha ana haraka. Anayelivunja kwa ncha za vidole, majani mawili na chipukizi, likalia kidogo, huyo mwache afanye kazi, wala usimsimamie upande wa jua.

La tatu ni la kutafsiri, na hapo ndipo nimeanguka mara nyingi, mara nyingine kwa mwili kabisa. Usitafsiri huku ukitembea kinyumenyume kati ya michai. Nilifanya hivyo mbele ya wajumbe wa nchi tatu, nikatumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua katikati ya sentensi, na wakulima wakasema sentensi yenyewe ilikuwa bora ilivyokatika. Wala usifupishe maneno ya mzee. Mwanzoni kabisa mzee mmoja wa Konoin alimwombea mgeni baraka ndefu, akitaja mvua, watoto, na ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Nikamgeukia mgeni nikasema, "Anakusalimu." Kumbe mzee alikuwa na Kiingereza kidogo cha kutosha kunizika. "Ofisa," akaniambia, "ng'ombe wangu wote umewafungia wapi?"

Lakini jambo nililoketi kuwaandikia ni kisiwa.

Lazima mjue, wale msiozaliwa huku, kwamba sisi Wakipsigis kwa lugha yetu hatuna herufi Z. Hatukuihitaji. Mtoto wa Roret akikutana nayo kwenye Kiswahili cha shule anaweka S, mambo yanaendelea. Mimi mwenyewe niliingia chuo kikuu nikisema "hapo samani za kale," mpaka mhadhiri mmoja wa Pwani akaniuliza kwa upole ni samani zipi, viti au kabati. Darasa lilicheka mpaka likizo. Kwa hiyo kwetu zamani ni samani, maziwa ni masiwa, na ziwa ni siwa. Shikeni hilo la mwisho.

Wakati huo kiwanda chetu kilikuwa kimeamua kujaribu chai ya kusokota. Chai ya kawaida majani yake hukatwakatwa yakawa chembe. Ya kusokota hubaki majani marefu, yamejipinda kama kamba nyembamba, na haitengenezwi kwa majani yoyote tu. Inataka yaliyochunwa kwa mkono, laini, bila shina wala jani gumu. Mtaalamu alikuwa anakuja kutoka Sri Lanka, nchi ambayo jina lake la kale bado linaandikwa kwenye pakiti za chai dunia nzima, aangalie majani ya Kimulot. Meneja alituita akaliweka wazi. Mgeni akiyakubali, Kimulot itakuwa senta ya chai ya kusokota, na kila jani litachunwa kwa mkono. Akiyakataa, mpango utahamia kwingine na Kimulot itapewa mashine za kuchuna kama wengine.

Mnazijua hizo mashine. Watu wawili wanaibeba juu ya michai, inanguruma, na asubuhi moja inamaliza shamba ambalo kundi la akina mama lingelichuna siku kadhaa. Sina ugomvi nazo mahali zinapofaa. Ila Kimulot palikuwa na kundi la wachunaji wanawake waliosifika kwa mikono yao, na mwenyekiti wao alikuwa Kogo Rael.

Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa nyanya wa watu wengi na mkubwa wa wote waliobaki. Alikuwa mrefu, na aproni yake ya plastiki aliivaa kama joho la askofu. Alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, na mengi ya maoni hayo yalikuwa mabovu. Aliamini, kwa mfano, kwamba watu wa Roret kama mimi hatuna mvua ya kweli, tunapata ile iliyobaki Kimulot ikishiba. Lakini vidole vyake vilikuwa vidole. Na zile mashine zikija, vile vidole, pamoja na vya wenzake wote, vingekaa nyumbani kumenya viazi.

Nilienda senta kuwatangazia ugeni. Mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili, kwa sababu kati ya wanachama walikuwapo watu wa ziwani na wa Kisii walioolewa au kukodi mashamba pale. Nikasimama juu ya kreti ya soda, nikasema kwa Kiswahili changu kizuri kwamba mgeni wetu anatoka katika nchi ya kisiwa.

Kogo Rael akauliza, "Ni kadogo sana?"

"Ni kidogo, Kogo, ukilinganisha na Kenya."

"Na watu ni wengi?"

"Wengi sana."

"Woi," wakasema akina mama, wakatikisa vichwa.

"Na wote wanategemea hiyo hiyo?"

"Wote," nikasema. "Hawana nyingine."

"Maskini," akasema Kogo Rael. Nikaguswa sana na huruma yao kwa taifa la mbali. Nilimwambia hata mke wangu jioni ile kwamba wakulima wa Kimulot wana upeo mpana.

Siku ya ugeni tulifika na gari la kiwanda. Dereva alikuwa Ouma, ambaye kwa kawaida huendesha lori la majani. Ouma alizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Babu yake alikuja kutoka ziwani kutafuta kazi ya kuchuna, akakaa. Mgeni aliketi mbele. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa na macho yanayopima. Jina lake lilikuwa Selvi. Kabla hajashuka garini vizuri lilikuwa limekuwa Selfi, na wasichana wa kundi wakalipenda sana.

Mbele ya banda la senta palikuwa na mitungi ya maji. Ilikuwa ya plastiki ya njano, imepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride, imejaa hadi shingoni. Kogo Rael alisimama mbele yake na glasi kwenye sahani.

"Akunywe kwanza," akaniamuru. "Kasi baadaye."

"Ofisa," Ouma akaninong'oneza, "mbona wanataka kumnywesha kama ng'ombe wa mnada?"

Sikujua. Lakini mgeni alikuwa ananitazama akingoja tafsiri, na mfasiri akinyamaza watu hudhani kuna jambo baya. Nikamwambia kuwa ni desturi ya watu wa hapa kumpokea mgeni kwa maji ya mto wao. Akafurahi. Alichukua glasi kwa mikono miwili, akanywa, lakini kwanza aliyashika maji mdomoni, akayazungusha kutoka shavu hadi shavu kama waonjaji wa chai wanavyofanya, ndipo akameza. Kisha akaomba nyingine.

"Mmeona?" Kogo Rael akawaambia wenzake. "Mmeona kiu hiyo?"

Tukaingia kwenye chai. Nyinyi mnaopajua Kimulot wakati mvua imepita asubuhi hamhitaji nipaeleze. Wengine nitawaambia tu kwamba ile kijani ina kiburi. Inapanda na kushuka vilima bila kuvunjika, halafu inakoma ghafla ukingoni mwa msitu wa Mau, kama imeambiwa hapo basi. Mgeni alitembea polepole. Aliweka kiganja juu ya meza ya michai, yaani ule usawa wa juu unaotokana na kupogoa na kuchuna vizuri, akakiteleza kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Kogo Rael naye alimfuata nyuma hatua kwa hatua bila kusema lolote, na hiyo ilinitia wasiwasi.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali na kuku. Hapo ndipo ulimi wa Kogo ulipofunguka.

"Ofisa, mwulise. Hiyo siwa yao, ng'ombe inaingia ndani kunywa, ama wanachota?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamwuliza mgeni kama kwao wana maji ya kutosha. Akacheka, akasema maji yamewazunguka pande zote, ukienda upande wowote utayafikia. Nikatafsiri.

Kogo akaweka nyama chini. "Yamewasunguka? Kwani wanaishi katikati ya siwa? Kama kiboko?"

Hapo ndipo yule mhadhiri wa Pwani alipofufuka kichwani mwangu, na samani zake zote. Siwa. Ki-siwa. Kwa Kogo Rael na kwa senta nzima, kama mlima mdogo unavyokuwa kilima, ziwa dogo ni kisiwa. Kumbe nilikuwa nimewaambia kwamba nchi nzima, watu wengi mno, wanategemea dimbwi moja. Ndiyo maana ya maskini. Ndiyo maana ya mitungi.

Nilifungua mdomo kueleza, nikakuta shahada yangu haina maneno. Ni Ouma aliyetuokoa. Alivuta sahani yake, akaukusanya ugali ukawa kilima katikati, akamimina mchuzi wote kando kando mpaka ukauzunguka.

"Kogo, angalia. Mchuzi ndio ziwa. Hapana, ni kubwa kuliko ziwa, ni bahari. Kisiwa ndio huu ugali."

"Na huyu Selfi anakaa wapi?"

"Kwa ugali."

"Maji iko nje?"

"Maji iko nje yote."

Mgeni, ambaye hakuhitaji tafsiri ya sahani, aliinama mbele akaweka kidole juu kabisa ya kilima cha ugali. Hapa, akasema, ndipo chai yetu. Kisha akashuka na kidole: hapa mpunga, hapa chini minazi, huku joto, kule juu baridi kama hii yenu. Akatueleza kwamba mvua huwajia miezi mingine kutoka upande huu wa sahani, miezi mingine kutoka upande ule, kwa hiyo mteremko mmoja ukilowa mwingine umekauka, na mwonjaji mzuri akifumba macho atakwambia jani lilitoka mteremko gani. Reli hupanda kwenye milima hiyo ikijizungusha, na wachunaji hubeba mifuko yao kwa kamba iliyopitishwa kichwani.

"Kichwani!" akina mama wakasema. "Na shingo?"

Shingo inazoea, akasema mgeni. Ya mama yake ilizoea. Babu zake waliletwa kutoka nchi ya bara, ng'ambo ya maji, kuja kuchuna chai ya kisiwa, wakaishi katika vyumba vya safu, mlango kwa mlango, na yeye alizaliwa humo. Kuna waliowaita wageni mpaka watoto wa watoto wao.

Nilipomaliza kutafsiri hayo Ouma alikuwa ameacha kula. "Mwambie nimezaliwa laini," akasema. Nikamwambia. Wakatazamana juu ya ule ugali kama watu wa kijiji kimoja waliokutana stendi ya mbali.

Lakini akina mama sasa walikuwa wameshaelewa habari ya mitungi, na kicheko kilikuwa kinapita chini chini kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Nani aliyewatuma mtoni alfajiri? Mmoja akasema, "Kogo, tumwongesee mtungi mwingine, asife na kiu huko baharini?" Wakapasuka. Kogo Rael alikaza kitambaa chake kichwani. Mimi nilimwona. Nikajua kwamba yule mtu aliyepaswa kulisemea kundi lake mchana huo alikuwa amefunga duka.

Tukarudi sentani. Mgeni aliomba gunia lifunguliwe, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitamani mzee Arap Koros angekuwa hai. Akatandaza majani juu ya turubai, akapiga magoti, akaanza kuyatenga, laini upande huu, magumu upande ule. Banda zima lilikuwa linasikiliza majani. Lundo la magumu halikukua. Akina mama wakaanza kuvuta pumzi.

Ndipo akainua kichwa akaniambia: majani haya ni mazuri. Lakini nimezunguka senta nyingi katika nchi nyingi, na siku ambayo mgeni anakuja majani huwa mazuri kila mahali. Waulize watayachuna hivi kwa nini siku ambayo mimi sipo.

Nikatafsiri. Kulikuwa na majibu ya kawaida, yale tunayoyafundisha sisi maafisa: ubora, soko, sifa ya kiwanda. Nilikuwa nayo mdomoni tayari, ningeweza kumpa mgeni na kusema ndivyo wakulima wanavyosema. Wafasiri hufanya hivyo zaidi ya mnavyodhani. Nikaangalia Kogo Rael. Alikuwa anatazama nje, si upande wetu.

"Mwambie hivi," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Huko nyuma ni msitu. Ukipita mpaka unashikwa, na ni sawa, maji yetu inatoka huko. Huku mbele ni chai ya kampuni, mpaka macho inachoka. Huko chini ni mto. Sisi tuko hapa ndani. Baba ya bwana yangu alikuwa na shamba, akagawia vijana. Bwana yangu akagawia vijana. Sasa hawa nao watagawa nini, mifereji? Hii mashine inakata jani ya leo, inakata na ya kesho. Mtu ako na mahali pa kusonga anaweza kula ya kesho. Sisi tutasonga twende wapi?"

Kisha akageuka, akamtazama mgeni moja kwa moja, akalisema lile neno polepole, mbele ya wote waliomcheka.

"Mwambie hata sisi ni kisiwa."

Vijana, nimetafsiri maneno mengi. Nimetafsiri wanasiasa. Sijawahi kupata neno zito kama hilo, kwa sababu asubuhi ile ile, kinywani mwake, lilikuwa dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Nilimtazama nione ni kisiwa kipi. Alikuwa ameinua kidevu. Nikamgeukia mgeni nikampa neno hilo kwa Kiingereza kama lilivyokuja, pamoja na msitu, mto, mifereji, vijana, na jani la kesho, kila kimoja kwa zamu yake, kama ng'ombe wa yule mzee wa Konoin. Sikuongeza kitu. Wenzangu watawaambia hilo halikuwahi kutokea kabla.

Mgeni alisimama, akapangusa magoti, akatoka nje ya banda. Akatazama ukingo wa Mau. Akatazama chai ya kampuni ikiteremka mbali, kijani juu ya kijani, isiyo na mwisho. Akaniuliza neno lenyewe linasemwaje. Nikamwambia. "Kisiwa," akarudia, na S yake ilikuwa safi kama yetu.

Kisha akauliza kama yale maji ya asubuhi yamebaki.

Yalikuwepo, ya kuogeshea shule nzima. Akaomba yachemshwe. Kwenye mkoba wake alikuwa na kikopo cha chai iliyosokotwa kiwandani kwa majaribio, kutoka majani ya Kimulot yale yale. Akasema alikuwa ameionja mara nyingi kiwandani, na kila mara ilikuwa kama mtu anayeongea akiwa ameziba mdomo. Alitaka kuisikia na maji ya nyumbani kwa chai yenyewe. Moto ukawashwa nje ya banda. Chai ikatiwa kwenye kikombe cheupe, rangi ya asali ya msituni, na alipoifikisha mdomoni bila kitu kingine akina mama wakashtuka.

"Bila masiwa?"

"Mwacheni," akasema Kogo Rael, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi kazini. "Hiyo ni ya kupima. Ni kama daktari."

Mgeni alifyonza kwa mlio mkubwa sana, ule wa waonjaji, unaorusha chai mpaka kaakaani. Mtoto mgongoni mwa mama yake aliamka. Mgeni akafumba macho. Nikajikuta nimeushika mtungi mtupu kama mtu anayeshika ukuta. Alifumbua macho, akasema sentensi moja fupi, na mimi, niliyewaambia msifupishe maneno ya watu, sikungoja aimalize.

"Amesema tutaanzia hapa!"

Sitawaelezea kelele. Waliokuwa mbali shambani walidhani nyoka ameingia bandani. Ouma alipiga honi ya gari la kiwanda mpaka karani wa senta akamkemea. Kogo Rael peke yake hakupiga kelele. Alienda pale mgeni alipokuwa, akamnyang'anya kikombe kwa upole, akanipa mimi.

"Sasa," akaniambia, "umwekee masiwa."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, ambayo mama yangu hakuielewa. Nilikuwa nimesimama hapo katikati, nikabeba neno kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine bila kulimwaga. Nimefanya mengine mengi ya kuaibisha, na mtaro ule bado unaitwa kwa jina langu. Lakini watu wa nchi hii ya chai, wa kwetu na wale walioletwa na chai wakawa wa kwetu, siku hiyo niliwasemea nikawa nimesema sawasawa, na hata leo nikiona chai ya Kimulot dukani, yale majani marefu yaliyojipinda, huwa naigeuza pakiti itazame mbele.

Juzi nilipanda Kimulot kutembea tu, sikujitambulisha. Mashine zinanguruma vilima vingine. Pale hazipo. Senta imejengwa upya, ina kibao, na jina lililoandikwa ni Siwa. Afisa wa ugani ni msichana mmoja mchangamfu, mmoja wenu, huenda anasoma haya. Alinipokea kwa heshima kama mgeni yeyote, akaniita mzee, jambo ambalo bado sijalizoea, kisha akaniletea glasi ya maji kwenye sahani.

"Karibu, mzee. Hii ni desturi ya jamii ya hapa tangu samani," akanieleza. "Mgeni hunywa kwanza. Inasemekana palikuwa na ziwa dogo hapa, ndiyo maana panaitwa hivyo."

Akina mama wawili waliokuwa wanapima majani wakanitazama. Mmoja ana kidevu cha Kogo Rael, nadhani ni mjukuu wake. Aliuma mdomo asicheke, akangoja aone nitasema nini.

Nilishika glasi kwa mikono miwili, nikayazungusha maji mdomoni kutoka shavu hadi shavu, nikayameza. Kisha nikaomba nyingine.